Picha Isiyo na Chale

Ukitaka kumkuta Atuganile asubuhi, usiende kugonga mlango. Nenda nyuma ya nyumba. Utamkuta ameketi chini, miguu ameinyoosha, na mbele yake kuna kigae cha chungu cha zamani. Juu ya kigae hicho anauzungusha mtungi mbichi, mkono mmoja ndani, mwingine nje. Ukimsalimu ataitikia bila kuinua kichwa, kwa sababu mdomo wa mtungi hautaki mchezo.

Kando yake huketi bibi yake, Anyosisye, akichambua vijiwe kwenye udongo. Bibi huyu ndiye aliyemlea. Meno yamemtoka karibu yote, lakini maneno hayajamtoka hata moja.

Kijiji chao kiko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pale milima inaposhuka hadi majini na kuwaachia watu ukanda mwembamba wa mchanga. Pa kulima ni padogo. Wanaume huvua samaki, wanawake hufinyanga vyungu. Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi, kisha hubebwa kichwani hadi gulio la Ipinda, kwa wakulima wa mpunga.

Miaka ya kisa hiki Waingereza ndio waliotawala Tanganyika. Vijana wengi wa upande huo wa Kyela walikuwa wakienda Kusini, kwenye migodi ya Afrika Kusini, kuchimba dhahabu. Enoki, mume wa Atuganile, alikuwa mmoja wao. Alimwacha mkewe na binti yao Neli, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Sasa Neli alikuwa anakimbiza kuku, na baba yake alitazamiwa kurudi mpunga utakapovunwa.

Atuganile alikuwa na chale usoni. Shavu la kulia tatu, la kushoto mbili. Hazikuwa za urembo. Alipokuwa anajifunza kutembea alishikwa na degedege, na zahanati haikuwepo. Bibi alimchanja na kumpaka dawa, kama wazee walivyofanya. Shavu la kushoto lilibaki na mbili tu kwa sababu mtoto aligeuka na kumng'ata bibi kidole.

"Kwa meno manne tu aliyokuwa nayo!" bibi husema hadi leo, akiwaonyesha wageni kidole chake. "Manne! Yangefika manane, ningekuwa sina mkono."

Atuganile hakuwa na ugomvi wowote na chale zake. Aliolewa nazo, akaimba nazo mbele katika kwaya ya kanisa, akauza vyungu nazo. Ugomvi ulianza na picha.

Mpiga picha mmoja alifika gulioni Ipinda na sanduku lake la miguu mitatu. Atuganile akavaa gauni lake la kanisani, akapigwa picha ili ampelekee mumewe. Alipokwenda kuichukua, alishangaa. Mashavu kwenye picha yalikuwa laini kabisa. Chale hazikuwepo.

"Nimekusafisha kidogo, mama," mpiga picha alisema huku akicheka.

Atuganile naye alicheka. Nakala moja akampa Yakobo, kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda migodini, ampelekee Enoki. Nyingine akaitundika ukutani, mkabala na kitanda.

Basi kila alipoamka akawa anamwona yule mwanamke wa ukutani. Jicho ni lake, pua ni yake, gauni ni lake. Mashavu tu si yake. Kisha anakwenda kunawa, anainama juu ya beseni, anaona chale zake zinamtazama. Siku za kwanza hakujali. Baadaye akaanza kujipapasa. Baadaye tena akaanza kuchukia.

Siku moja rafiki yake Marta alikuja kuomba moto. Mume wa Marta pia alikuwa Kusini. Marta alisimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Mama Neli, hii Enoki anayo huko?"

"Anayo. Yakobo alimpelekea."

"Basi kazi unayo. Kila siku anaangalia mashavu laini. Akirudi akukute wewe?"

"Ah, Marta!"

"Nakutania tu. Lakini wanawake wa huko, nasikia, wanapaka mafuta mpaka nzi akitua anateleza."

Walicheka wote wawili. Marta alichukua moto wake akaenda. Maneno hayakwenda naye. Yalibaki ndani ya nyumba, yakamsumbua Atuganile akipika, akila, akilala. Alimpenda mumewe, na aliogopa kumpoteza. Alijiona kama mtu aliyetuma zawadi isiyo yake, na sasa aliyetumiwa anakuja kuidai.

Akaanza kuvuta khanga hadi mashavuni. Akicheka, mkono unakwenda usoni. Kanisani alitoka mstari wa mbele wa kwaya akakaa nyuma, na baada ya hapo akaacha kuimba kabisa. Alisema koo linamwuma.

"Koo gani hilo lisilouma wakati wa kugombana na mimi?" bibi aliuliza.

Pale Ipinda alikuwepo mchuuzi anayeitwa Sadoki. Aliuza sindano, vioo, sabuni, na chupa ndogo zisizo na maandishi. Siku ya gulio alimwona Atuganile amejifunika wakati jua linawaka.

"Dada yangu, usijifiche," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ninayo dawa ya kufuta chale. Unapaka, ngozi ya zamani inatoka, mpya inakuja kama ya mtoto. Mtazame huyu." Akamwonyesha boksi la sabuni lenye picha ya mwanamke anayetabasamu.

"Huyu naye alikuwa na chale?"

"Kuliko zako!"

Mwanamke yule wa kwenye boksi pengine hata Ipinda hakuijua. Lakini Atuganile alikuwa amekwisha kuamini kabla ya kuambiwa. Alimpa Sadoki mtungi wake mkubwa kuliko yote, akapokea chupa iliyofungwa kitambaa.

Kesho yake, bibi alipokwenda kuchota maji, Atuganile alijifungia ndani. Akatundika kioo kwenye nguzo ya nyumba. Akachovya pamba kwenye chupa, akaiinua hadi shavuni.

Mkono ukagoma.

Haikuwa hofu. Ilikuwa mazoea ya kazi yake. Wafinyanzi wa pale hawafinyangi mtungi kwa udongo wasioujua. Wakipata shimo jipya la udongo, kwanza hufinyanga kikombe kidogo. Wanakichoma, wanakitia maji na kukiacha. Kikivuja au kikipasuka, shimo lile linaachwa. Atuganile alifundishwa hivyo tangu akiwa mdogo, na mikono yake haikuwa imesahau, hata kama kichwa kilikuwa kwa Enoki.

"Nijaribu kwanza," alijiambia. Akapaka mkononi, chini kidogo ya kiwiko, mahali padogo tu.

Alipiga kelele. Ilikuwa kama ameguswa na kaa la moto. Alikimbilia mtungi wa maji akajimwagia, akajimwagia tena. Ngozi ikababuka, ikawa kidonda. Bibi aliporudi aliambiwa kuwa ni moto wa vyungu. Bibi alimtazama, akautazama mkono, akanyamaza. Bibi Anyosisye akinyamaza, jua kwamba kuna jambo.

Kidonda kilipona. Gamba likaanguka. Chini yake ikatokea ngozi mpya, nyororo, inayong'aa. Marta alipoiona alipiga makofi.

"Unaona! Laini! Sasa unangoja nini? Paka usoni, upone kabla Enoki hajafika. Na mimi niagizie yangu, madoa haya yanitoke."

Atuganile akapiga moyo konde. Akasema atapaka Jumamosi.

Ijumaa akaja Felista. Felista alikuwa nesi wa zahanati iliyokuja kujengwa baadaye. Kila mwezi alipita ufukweni kupima watoto, mizani begani, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Alikuwa mtu wa vicheko, na katikati ya meno yake ya mbele alikuwa na mwanya mkubwa.

"Mugonile, bibi!" alimsalimu kwa Kinyakyusa kutoka mbali.

"Ndaga, mwanangu. Karibu. Mwangalie mjukuu wangu mkono. Ananiambia ni moto. Mimi nimechoma vyungu maisha yangu yote. Moto wa vyungu hauchagui mahali pazuri namna ile."

Atuganile aliinamisha kichwa. Felista aliweka mizani chini, akakaa mchangani karibu naye, akaushika mkono.

"Ni moto, Mama Neli?"

Machozi yakamlengalenga Atuganile. Akaeleza yote: picha, Marta, Sadoki, chupa. Felista hakumkatiza. Alipomaliza, nesi akaomba kuiona chupa. Hakuifungua. Alikikunjua kitambaa kilichoifunga. Mahali dawa ilipodondokea palikuwa na matundu.

"Kama imekula kitambaa, ngozi itaiacha?" aliuliza. "Nimeona nguo za mafundi wa malori zilizotobolewa hivi na maji ya betri. Sijui kama ni hayo, lakini ni kitu kinachounguza. Ulifanya vizuri kujimwagia maji mengi. Na ulifanya vizuri zaidi kutokuanza na uso."

"Lakini mkono umekuwa laini, nesi. Tazama."

"Nimetazama. Sikiliza. Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini. Ukijikwaruza juu tu, inapona bila alama. Ukikatwa au ukiungua hadi chini, mwili unaziba mahali pale kwa kovu. Chale zako ni makovu. Ukiliunguza kovu, hulifuti. Unafungua kidonda kikubwa zaidi, na mwili utakiziba kwa kovu kubwa zaidi."

"Mbona hili halijawa kubwa?"

"Bado. Kovu linaendelea kufanya kazi kwa miezi mingi. Na kwa watu wengine halijui kuacha, linakua tu." Felista aligeuka. "Bibi, hicho kinundu cha sikioni ulikipata lini?"

Bibi alikigusa kinundu chake, kikubwa kama kunde. "Nilipotobolewa sikio, nikiwa msichana. Kikakua, kikakua. Mwanzoni nilidhani nimeota hereni."

"Hicho ni kovu. Kwenye ukoo akiwepo mmoja wa hivyo, huenda na wengine wakawa hivyo. Mtu wa namna hiyo asichezee ngozi yake. Ninyi wafinyanzi, kikombe cha kujaribia mnakitolea hukumu kikiwa bado cha moto?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Hata kidogo. Kinatiwa maji, kinaachwa."

"Basi na mkono huu uacheni. Na chupa, nipe niondoke nayo."

"Hapana," Atuganile alisema. Akaivuta chupa, akaishika kifuani. "Nisamehe, nesi. Enoki atafika kabla mkono haujasema kitu."

Felista alimtazama kwa huruma. "Sitakunyang'anya. Uso ni wako. Niambie kitu kimoja tu. Chale hizi ulianza kuzichukia lini?"

Atuganile alifikiri. Akafikiri tena. "Ilipokuja picha."

"Nionyeshe."

Felista alipoiona picha alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe ni mpiga picha yuleyule! Mama Neli, mimi nilipomaliza mafunzo ya unesi nilipigwa picha. Jamaa akachukua penseli, akapaka kwenye ile filamu, akauziba mwanya wangu. Mama yangu alipoipokea aliuliza, 'Picha nzuri, lakini huyu rafiki yako ni binti wa nani?'"

Bibi akacheka. Hata Atuganile akatabasamu.

"Lakini mimi nikitabasamu nikawa nafumba mdomo," Felista aliendelea, taratibu sasa. "Mwaka mzima. Nilikuwa najilinganisha na mtu ambaye hayupo duniani. Wewe ni hivyohivyo. Mwanamke huyu ametengenezwa kwa penseli. Ukimtazama kila siku, mume yuko mbali, hakuna wa kukuambia umependeza, na rafiki anakutisha, na mchuuzi anakuja na boksi la sabuni, mtu yeyote angetetereka. Si upumbavu. Ila inafaa ujue tamaa hii imetoka wapi kabla hujaipa uso wako."

"Kwa hiyo mtu akitaka kutengenezwa uso anafanya kosa?"

"Sijasema hivyo. Mtoto wa jirani yenu Nsajigwa alizaliwa mdomo umepasuka, hawezi kunyonya. Nilimpeleka mwenyewe hospitali, daktari akamshona, sasa anakula kuliko baba yake. Wapo walioungua, daktari huwasaidia. Na wewe Enoki akirudi, ukae, utulie, ukiona bado unataka, njoo. Tutakwenda kwa daktari tumwulize anachoweza na asichoweza. Lakini si kwa Sadoki, na si kwa hofu."

Akainuka, akapangusa mchanga. "Na akina mama, mtoto akishikwa na degedege siku hizi mleteni zahanati mbio. Msimchanje."

"Mimi nilichanja, na akapona," bibi alisema.

"Alipona kwa sababu Mungu alimpenda, bibi, na wewe ulimkumbatia."

Bibi alifikiri kidogo. "Kumkumbatia nilimkumbatia," alisema. "Usiku kucha."

Jumamosi ilifika. Atuganile hakupaka. Hakuitupa chupa pia. Aliificha darini akangoja, na kungoja kulimtesa.

Mpunga ulipoanza kugeuka rangi huko Ipinda, mkono ukaanza kuwasha. Kisha ukaanza kuvimba pale palipokuwa laini. Kovu likapanda, gumu, jekundu, likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe. Atuganile alisimama mbele ya kioo. Akauinua mkono, akauweka sambamba na shavu lake. Akaangalia kovu, akaangalia chale, vijistari vyembamba ambavyo ukivipapasa kidole hakikwami. Aliketi chini akalia, kwa hofu ya kile alichokaribia kufanya, na kwa shukrani pia.

Siku ileile alimpelekea Felista chupa. Felista aliifukia kwenye shimo refu, mbali na ziwa na visima. Kitambaa chenye matundu alikipeleka kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Gulio lililofuata, meza ya Sadoki haikuwepo. Marta naye aliushika mkono wa rafiki yake, akalipapasa lile kovu.

"Nisamehe, Mama Neli," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Wangu hajaleta salamu tangu mwaka jana. Nikakupakia na wewe mzigo wangu."

Atuganile alimvuta, wakakumbatiana. Jumapili hiyo walikwenda kanisani pamoja. Atuganile aliishusha khanga mabegani, akapita hadi mstari wa mbele wa kwaya. Koo lilikuwa limepona.

Enoki alifika mchana, Neli akiwa anawawekea kuku maji. Kila mtu kijijini alimwona kabla mkewe hajamwona. Atuganile alikuwa nyuma ya nyumba, mikono ndani ya udongo. Alisikia sauti ya mumewe. Mkono ulitaka kwenda kwenye khanga. Akauzuia. "Kama hazipendi," alijiambia, "zitabaki kuwa zangu." Akasimama, uso wazi, matope hadi viwikoni.

Enoki alimtazama. Akaweka chini sanduku lake la bati. Akacheka, kicheko cha mtu aliyefika nyumbani.

"Ndiye huyu," alisema. "Ndiye huyu hasa."

"Ulidhani utamkuta nani?" Atuganile aliuliza.

Enoki alifungua sanduku, akatoa picha. Pembe zake zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa. Juu ya yale mashavu laini palikuwa pamechorwa mistari kwa penseli. Kulia mitatu. Kushoto miwili.

"Yakobo aliponiletea nilimwambia, 'Ndugu yangu, umekosea, umechukua ya dada yake.' Nililala siku ile nimekasirika. Kesho yake nikaazima penseli kwa karani nikakurudisha. Sikuweza kumsalimia mtu nisiyemjua kila asubuhi."

Atuganile alifunika uso kwa mikono yake ya udongo, akalia na kucheka kwa pamoja, hata chale zenyewe zikapotea ndani ya matope.

"Lete nione," bibi Anyosisye alisema. Aliisogeza picha karibu na jicho, akaikagua kwa muda. "Hesabu ni sawa. Lakini huu wa kushoto umeupindisha."

"Nilikuwa nachora gizani, bibi, kwenye kitanda cha kambi."

"Hiyo si sababu. Mimi nilikuwa nang'atwa na huyuhuyu mkeo, na mkono wangu haukupinda."

Picha zote mbili ziko ukutani sasa, ya penseli ya mpiga picha na ya penseli ya Enoki. Wasichana wa ufukweni, wakisikia kuna mafuta mapya au dawa mpya ya uso, huja kumwuliza Atuganile. Yeye huwaonyesha picha kwanza, wakacheka. Kisha huwanyooshea mkono walishike lile kovu. Hapo huacha kucheka. Anayetaka kuuliza zaidi humpeleka mwenyewe kwa Felista, halafu anarudi kwenye mtungi wake, mashavu wazi, chale tatu huku na mbili huku, na wimbo mdomoni.